Nyumba Waliyoikataa kwa Adabu

“Hii ndiyo ya mwisho, Kehau. Nakwambia kabisa. Hii nayo ikitupita, mimi naenda Las Vegas.”

Wendell alizima injini lakini mikono akaiacha kwenye usukani. Mvua ya Hilo, mji wao wa kisiwani, ilikuwa inapiga paa la pikapu, ile mvua yao isiyo na haraka, inayonyesha kama vile imeajiriwa. Kehau alikuwa amepakata mfuko wa machungwa, na tumbo lilikuwa linamgeukageuka tangu asubuhi.

“Umenisikia?”

“Nimekusikia.”

“Sasa unasemaje?”

“Kama unaona ni vizuri, sawa.”

Hiyo ‘sawa’ ndiyo iliyokuwa ugonjwa wa Kehau. Moyoni alikuwa anapiga kelele: sitaki Las Vegas, sitaki jangwa, sitaki kuishi mahali ambapo nikiamka sisikii bahari. Lakini mdomoni ikatoka sawa, laini kama uji wa mgonjwa.

Kusema haki, Wendell alikuwa na sababu ya kuchoka. Alikuwa dereva wa katapila, mtu wa kuamka alfajiri na kurudi na matope hadi kwenye nyusi, na miaka yote hiyo yeye na Kehau walikuwa wanaishi katika gereji iliyogeuzwa chumba ya bibi yake, Tutu Abigail, ‘tutu’ ndiyo bibi kwa lugha yao. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mashine ya kufulia. Tutu akifua, kitanda kinacheza. Harusi walikuwa wameiahirisha: nyumba kwanza, harusi baadaye. Na nyumba zilikuwa zinawapita tu. Ile ya Puna benki iliikimbia kwa sababu ya volkano. Ile ya Keaau ilinunuliwa na mtu wa bara, ng'ambo ya bahari, aliyeiona kwenye simu, hajawahi hata kuikanyaga.

Sasa ilibaki hii ya Papaikou, ya Anti Fusae, mjane aliyefanya kazi na Tutu kwenye kiwanda cha sukari mpaka siku kilipofungwa.

Simu ya Kehau ikatetemeka. Ilikuwa meseji ya dada yake, Iwalani, anayekaa Kona.

“Umemwambia?”

Kehau akaandika huku ameificha simu nyuma ya machungwa.

“Bado. Nyumba kwanza.”

“We mwanamke, tumbo halisubiri benki.”

Akaizima. Iwalani peke yake ndiye aliyejua. Kehau alimfahamu Wendell wake: siku atakaposikia kuna mtoto, atamrusha juu kwa furaha, na kabla hajatua chini atakuwa ameshakata tiketi mbili. Mtoto alale wapi, atauliza, na Kehau hatakuwa na jibu. Kwa hiyo wapate nyumba kwanza, halafu habari. Hayo ndiyo yalikuwa mahesabu yake.

“Twende,” akasema. “Anti ameshatuona dirishani.”

*

Walivua ndala mlangoni. Anti Fusae akawapokea, mwanamke mdogo wa umbo, mgongo umeanza kupinda, lakini macho yake yalikuwa hayapitwi na kitu.

“Jamani! Machungwa yote haya? Mmejisumbua nini?”

“Ah, ya mtini tu pale kwa Tutu, Anti,” Kehau akajibu. “Yanaanguka yenyewe, yanaoza.”

Alikuwa ameyanunua sokoni asubuhi hiyo, moja moja, akiyabonyeza. Lakini kwao zawadi lazima uidharau kwanza ndipo ipokelewe.

“Kaeni mle keki.”

“Hapana, Anti, tumeshiba.”

“Kidogo tu.”

“Hapana kweli, tumetoka kula sasa hivi.”

“Nimeshaikata.”

“Haya basi, kidogo.”

Wakala vipande viwili viwili. Hakuna aliyeshangaa, kwa sababu ndivyo inavyokwenda: mara ya kwanza unakataa, ya pili unakataa, ya tatu unakula hadi sahani inang'aa.

Kisha Anti akawatembeza. Ilikuwa nyumba ya mbao ya zama za mashamba ya miwa, bati la kijani, veranda pana, sakafu iliyosuguliwa na nyayo za watu waliokwisha kufa. Kwenye chumba cha nyuma Kehau alisimama akashindwa kuondoka. Dirishani ilionekana bahari. Akawaza kitanda kidogo hapo ukutani, na akaitamani nyumba ile.

“Hiki kinapata jua la asubuhi,” Anti akasema nyuma yake. “Siku likitoka.”

“Ni kizuri, Anti.”

“Mwanangu Glenn anataka niende bara, Sacramento, nikakae naye. Wamenitengea chumba. Nimesema sawa.” Akapangusa vumbi ambalo halikuwepo. “Bei aliyoweka dalali ni maneno ya Glenn huyo. Mimi ningependa mkae nyie. Mnipe mnachoweza, taratibu, wala sina haraka.”

Wendell, aliyekuwa anagongagonga mbao kwa kidole, akageuka kama aliyemwagiwa maji.

“Hapana, hapana, Anti! Haiwezekani. Hii mali yako. Uza kwa bei yake, upumzike.”

Akamtazama Kehau, na Kehau akatabasamu meno yote nje.

“Kweli, Anti. Usijinyime kwa ajili yetu.”

Anti Fusae akawatazama wote wawili kwa zamu.

“Haya,” akasema. “Bebeni na keki ya Abigail.”

Walipofika barabara kuu, Wendell akapunguza mwendo.

“Umeona roho ya yule mama?”

“Nimeona.”

“Lakini alisema kwa adabu tu.”

“Adabu tu,” Kehau akajibu. “Huwezi kumdaka mtu kwa neno kama lile.”

“Ungekuwa ukatili.”

“Kabisa.”

Na wakaenda zao, watu wawili wenye malezi mazuri kupita kiasi.

*

Waliweka ofa yao kwa dalali, ya kiasi ambacho benki iliwaruhusu. Jibu lilikuja Alhamisi jioni, wakiwa wanakula wali na samaki kitandani kwa sababu meza haikuenea gerejini. Wendell alisoma, akampa Kehau simu.

“Poleni sana. Kuna familia kutoka bara imepanda bei, na ni pesa taslimu. Glenn anawataka wao. Mama yake atasaini Jumatatu.”

“Wendell…”

“Basi. Imekwisha.”

Akapiga simu palepale kwa kaka yake, Darryl, aliyehamia Las Vegas na familia nzima kama walivyohama nusu ya watu waliosoma nao. Akaweka sauti ya nje.

“We bwege!” Darryl akapaza. “Si nilikwambia toka lini? Njoo! Kazi ipo, bosi wangu anakusubiri Jumatatu hii. Huku vyumba vinne, gereji ya magari, siyo ya watu!”

“Na mvua?”

“Mvua tunaiona kwenye TV.”

“Na bahari?”

“Bahari ya nini? Una simu, si uangalie picha.”

Wendell akacheka, Kehau naye akacheka. Kisha Kehau akainuka, akazunguka nyuma ya mashine ya kufulia, akatapika kimyakimya kadiri mtu anavyoweza kutapika kimyakimya.

“Uko sawa, Kehau?”

“Samaki tu huyu.”

“Samaki yuleyule niliyekula mimi?”

“Una tumbo la chuma wewe.”

Akarudi, akakaa. Wendell akamvuta kifuani, akamlazia kidevu kichwani.

“Natangulia mimi Jumapili,” akasema. “Nikishapata pa kukaa unanifuata. Utaona, Kehau. Utakuwa na jiko lako, na meza ya watu wanane. Unasemaje?”

Kehau akafumba macho. Hapo ndipo pa kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

“Sawa,” akasema.

*

Jumamosi mchana banda la magari la Tutu Abigail lilijaa hadi watu wakakaa juu ya makasha ya barafu. Nguruwe alikuwa amepikwa shimoni tangu jana yake. Kulikuwa na wali, poi ya magimbi yaliyopondwa, samaki mbichi wa kukatakata, na saladi ya makaroni ya kulisha kijiji. Anko Moses alikuwa pembeni na gitaa lake dogo la ukulele. Anti Fusae naye alikuwepo, amekaa karibu na sufuria la umeme la wali, sahani magotini, vijiti vya kulia chakula mkononi.

Tutu Abigail ndiye aliyekuwa anaendesha shughuli. Mwanamke mpana, sauti yake inasikika Honolulu. Ule ugonjwa wa adabu yeye haukumpata. Akitaka kitu anakisema, asipokitaka anakisema zaidi.

“Wendell! Njoo hapa nikuvishe, msaliti wewe!”

“Tutu, jamani.”

“Jamani nini? Unaliacha kaburi la babu yako unaenda kukaa na mijusi jangwani. Inama.”

Akamvalisha mashada ya maua, moja juu ya jingine, na shangazi na binamu wakaongeza yao, mpaka zikabaki pua na macho. Watu wakapiga vigelegele. Wendell alikuwa anacheka, lakini Kehau aliona kidevu chake kinatetemeka nyuma ya maua.

“Na wewe mke wetu, njoo. Wewe nawe utatukimbia tu.”

Kabla Kehau hajasema neno, Tutu akamvika shada shingoni. Maua meupe, mabichi, yamefungwa fundo safi nyuma.

Kehau akaganda.

Mwanamke mwenye mimba havai shada lililofungwa. Hilo aliambiwa tangu akiwa mdogo, na mama yake, na mama wa mama yake: shada la duara shingoni mwa mama, kitovu shingoni mwa mtoto. Mwenye mimba huvaa lililoachwa wazi, ncha mbili zinaning'inia. Kehau alikuwa msomi, alifanya kazi kliniki ya meno, alijua habari za madaktari. Akajiambia: vumilia, ni dakika chache, maua ni maua.

Mikono yake haikumsikiliza. Ilikwenda yenyewe nyuma ya shingo, ikatafuta fundo, ikalifungua.

Shada likaanguka wazi kifuani pake, ncha moja huku, nyingine huku.

Tutu Abigail aliliona. Akatulia. Na Tutu akitulia, banda zima hutulia.

“Kehau.”

“Abee, Tutu.”

“Fundo limefunguka lenyewe?”

Kehau akaangalia chini. Ukulele ukanyamaza.

“Nimekuuliza, mwanangu. Fundo langu mimi halifunguki lenyewe.”

“Nimelifungua mimi.”

Wanawake wote waliokuwa pale wakavuta pumzi kwa pamoja. Anti mmoja akaweka mkono mdomoni. Wanaume, kama kawaida yao, ndio waliochelewa kuelewa, na wa mwisho kabisa alikuwa Wendell, na ubavu wa nguruwe mkononi.

“Umelifungua kwa nini?” akauliza. “Zuri hivyo…”

Kisha akaelewa. Ubavu ukaanguka, mbwa wa jirani akaondoka nao.

“Kehau?”

“Ndiyo.”

“Ndiyo nini?”

“Ndiyo, Wendell.”

Alikuja akamshika mabega. Furaha ilimpanda usoni, na nyuma yake ikaja hasira ya mtu aliyeumia.

“Kesho napanda ndege,” akasema. “Kesho! Ulitaka nijue lini? Nikiwa angani?”

“Nilitaka tupate nyumba kwanza.”

“Nyumba na mtoto wangu wapi na wapi?”

“Ningekwambia ungesema twende wote, leo hii!”

“Sasa! Si ndiyo! Mtoto atalala wapi? Gerejini? Abembelezwe na mashine ya kufulia?”

Mtu akacheka nyuma. Tutu akamtupia jicho, kicheko kikafa.

“Ndiyo maana sikusema,” Kehau akajibu, na machozi yakaanza. “Ndiyo maana.”

“Lakini wewe mwenyewe ulikubali! Kila nikikuuliza, sawa. Unaonaje Las Vegas? Sawa. Nitangulie? Sawa, Wendell, kama unaona ni vizuri!”

“Kwa sababu wewe ulikuwa unataka!”

“Mimi?” Sauti ya Wendell ikapanda hadi ikapasuka. “Nani kakwambia mimi nataka? Mimi naenda kwa ajili yako! Siku ile Darryl ametuonyesha nyumba yao kwenye video, nani alisema ‘Jiko kubwa hivyo, raha iliyoje’? Si wewe? Nikalala siku hiyo nikiangalia dari ya gereji inavuja, nikasema mwanamke huyu nimemkosea.”

“Nilikuwa nampongeza mke wake! Ulitaka nimwambie jiko lako baya?”

Wendell akamwachia mabega.

“Kwa hiyo… wewe hutaki kwenda?”

“Na wewe?”

“Nimekuuliza mimi kwanza.”

Kehau alihisi lile neno la siku zote linakuja ulimini, lile laini. Akalimeza.

“Sitaki,” akasema. “Sijawahi kutaka. Sitaki hata siku moja.”

“Rudia.”

“Sitaki, Wendell! Nataka hapahapa, na mvua yake!”

Wendell alianza kucheka, na huku anacheka machozi yanamtiririka na kupotelea kwenye maua.

“Na mimi sitaki! Nachukia lile joto kavu, pua inatoka damu. Nachukia hata uwanja wao wa ndege, mashine za kamari zinakupokea kabla ya mzigo wako. Kehau, nilikuwa naenda kufa kule kwa ajili ya jiko ambalo hulitaki!”

Akamkumbatia, maua yakapondeka katikati yao, na akamwambia sikioni kwa sauti ambayo watu wote waliisikia vilevile.

“Siendi. Tutakaa gerejini mpaka mtoto aote ndevu. Hiyo mashine nitaihamisha leo.”

“Utaihamishia wapi?” Tutu akadakia.

“Chumbani kwako, Tutu.”

Watu wakalipuka. Wendell akatoa simu, akamwandikia Darryl pale pale: “Siji. Nakuwa baba.” Jibu likarudi hata hajairudisha mfukoni: “BWEGE! Hongera! Mtoto aitwe Darryl hata akiwa wa kike.”

Anko Moses alikuwa ameshaanza kupiga tena, na watu wameanza kurudia chakula, ndipo Kehau alipomwona Anti Fusae. Alikuwa ameweka vijiti chini na anajifuta macho kwa kitambaa cha karatasi.

“Anti, vipi? Pilipili?”

“Mnakaa gerejini,” Anti akasema taratibu. “Nyie mnaona bora gereji.”

“Bora kuliko nini, Anti?”

“Kuliko nyumba yangu. Mbona mliikataa?”

Wendell na Kehau wakatazamana.

“Tuliikataa lini?”

“Nilisema mkae nyie. Mnipe mnachoweza. Mkasema hapana, hapana.”

“Lakini Anti,” Wendell akasema, “si ulikuwa unasema kwa adabu tu?”

“Kwa adabu?” Anti Fusae akasimama, na alivyosimama hakuwa mrefu zaidi ya alivyokuwa amekaa. “Keki mtu anatoa kwa adabu! Nyumba? Mtu anatoa nyumba kwa adabu?”

“Na wewe Fusae,” Tutu akaingilia, mikono kiunoni, “kama ulimaanisha, mbona hukurudia? Keki unarudia mara tatu, nyumba unasema mara moja?”

“Ningerudiaje? Nilidhani wameiona imezeeka, wanaona haya kusema. Niwalazimishe watoto wa watu?”

“Mungu wangu!” Tutu akainua macho juu kwenye bati. “Watu wazima watatu! Mnataka kupoteza nyumba, na mume, na kitukuu changu akazaliwe kwa mijusi, kwa sababu ya adabu! Mngezaliwa wakorofi mngekuwa matajiri!”

“Umeshasaini?” Wendell akauliza, sauti chini.

“Jumatatu ndiyo nasaini.”

Mvua iliongezeka kidogo juu ya bati. Anti Fusae akakunja kile kitambaa cha karatasi, akakikunja tena.

“Basi nauliza mara ya pili,” akasema. “Mnaitaka nyumba yangu?”

Wendell, malezi yakampanda.

“Anti, tunashukuru sana, lakini Glenn naye…”

Kehau akampiga kiwiko cha mbavu, pumzi zikamtoka.

“Naitaka,” akasema Kehau. “Naitaka, Anti. Nimeitaka tangu nilipovua ndala mlangoni. Kile chumba cha nyuma nimekiota kila siku. Tutakupa chote cha benki, na kinachobaki tutakulipa mpaka kiishe.”

“Ah,” Anti Fusae akasema, na uso mzima ukamfunguka. “Sasa hiyo ndiyo lugha.”

*

Kwa Glenn alipiga Anti mwenyewe, simu ya Wendell, sauti ya nje, na ukoo mzima umeinama kusikiliza.

“Mama, umefikiri vizuri? Wale watu wana pesa taslimu!”

“Najua. Wana na nyumba nyingine pia. Hawa hawana.”

“Lakini Mama…”

“Glenn. Nyumba ya nani?”

Wakamsikia Glenn anacheka puani, kile kicheko cha mtu aliyeshindwa.

“Yako, Mama. Haya. Mimi nilitaka tu uje ukiwa na chako. Chumba chako tumeshakipaka rangi. Ya bluu uliyosema.”

Anti Fusae alimtazama Kehau, lile shada lililo wazi kifuani pake, kisha akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji baridi.

“Glenn, mwanangu. Siku ile uliponiita huko, nilisema sawa.”

“Ndiyo.”

“Sikutaka.”

“Mama?”

“Sikutaka. Nilisema tu.”

Huko Sacramento ukasikika mlango unafungwa, na sauti za watoto zikapotea.

“Mama,” Glenn akasema mwishowe, “mimi nilikuita kwa sababu nilidhani unaogopa kukaa peke yako.”

“Naogopa. Tena sana. Lakini Sacramento sitaki. Niletee wajukuu hapa kila kiangazi, waje wale samaki wa kweli.”

“Sasa utakaa wapi, Mama? Nyumba si unaitoa?”

Hilo Anti Fusae alikuwa hajalifikiria. Ilionekana wazi usoni. Kehau hakungoja hata kumtazama Wendell, na Wendell alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kukubali.

“Anti, kaa na sisi.”

“Hapana, hapana. Nitawasumbua.”

“Nakuuliza mara ya pili.”

“Hapana jamani, mna mtoto anakuja.”

“Mara ya tatu hii, Anti. Sirudii tena.”

Anti Fusae akakaa. Akachukua vijiti vyake, akavipanga vizuri ukingoni mwa sahani.

“Mimi nachukua chumba cha mbele,” akasema. “Cha nyuma kina jua la asubuhi. Hicho ni cha mtoto.”

Kehau akapiga magoti pale kwenye saruji, akamlalia mapajani. Wendell ndiye aliyepokea simu na kumshukuru Glenn, vibaya, kwa sababu naye alikuwa analia.

*

Harusi ilifanyika kwenye veranda ile ya Papaikou, mvua inanyesha, tumbo la Kehau limeshajitangaza lenyewe na shada la wazi limelalia juu yake. Iwalani alikuja kutoka Kona na kusema “nilikwambia” kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Darryl alishuka kutoka Las Vegas na watoto wake, akapitiliza moja kwa moja kwenda baharini na nguo zake, ndipo akarudi kusalimia, amelowa, macho mekundu, anadai ni chumvi.

Tutu Abigail alikaa mstari wa mbele na Anti Fusae, wanagombana kwa kunong'ona juu ya nani atabeba mtoto kwanza.

Mchungaji akafungua kitabu chake.

“Je, wewe Kehaulani, unakubali kumpokea Wendell…”

“Ndiyo.”

Mchungaji akamtazama juu ya miwani.

“Binti, ngoja nimalize swali.”

“Malizia kwake, Mchungaji. Mimi nimeshajibu.”

Na Wendell, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote, akasema ndiyo kwa sauti iliyowatoa kuku wote chini ya veranda.